Miiba ya Duara la Zamani

Melania hakuwa na viatu vya kufunga kamba. Hakuwa na tochi, wala chupa ya maji yenye mfuniko, wala begi la mgongoni; vitu vyake vya kambini alivifunga ndani ya kanga ya bibi yake. Hakuwa na blanketi la peke yake. Hakuwa na kofia ya jua. Tena hakuwa na skafu ya bluu, ile ambayo mabinti wa kundi la Nuru huvaa shingoni baada ya kufaulu majaribio ya kambi, na hiyo ndiyo aliyoitamani kuliko vitu vingine vyote.

Alichokuwa nacho miguuni ni kandambili zilizokatika mkanda. Alikuwa ameziunga kwa waya.

Kila Jumamosi, baada ya kufagia uwanja na kuwafungulia ndama wa bibi, Melania alikimbia kanisani. Huko Mama Mihayo, mlezi wa mabinti wa Nuru, aliwafundisha mambo ambayo hayakuwamo katika vitabu vya shule: kuwasha moto kwa kijiti kimoja cha kiberiti, kuchuja maji ya bwawa, kutafuta kaskazini kwa kutazama kivuli, kusoma nyayo na kufunga mafundo. Kwenye mafundo hakuna aliyemshinda Melania. Wenzake walilihangaikia sana lile fundo la kitanzi kisichokaza. Yeye alilijua tangu alipokuwa mdogo, kwa sababu ndilo linalofungwa shingoni mwa ndama ili asijinyonge.

"Wewe una mikono ya mchunga ng'ombe," rafiki yake Zipora alipenda kumwambia. "Mimi mikono yangu hata kamba ya kiatu inaishinda. Lakini macho, je? Nionyeshe alipopita mbuzi jana, nitakwambia anachechemea mguu gani."

Haukuwa utani mtupu. Katika kusoma nyayo Zipora alikuwa wa kwanza. Msichana huyu aliishi na shangazi yake hapo kijijini Nyakaseme, karibu na Runzewe, ili asome. Mama yake alikuwa mbali, mwaloni Nkome, kando ya ziwa, akianika dagaa.

Likizo ya kiangazi ilipofika, kundi la Nuru lilipiga kambi katika ngitili ya Mzee Bujiku. Ngitili ni eneo la malisho ambalo wafugaji wa huku hulifunga wakati wa mvua ili nyasi zibaki kwa ajili ya kiangazi. Humo miti haikatwi hovyo. Lakini zamani watu walichimba dhahabu humo, wakaondoka, wakayaacha mashimo yao, ambayo wachimbaji huyaita maduara.

Asubuhi ya jaribio la kuni, Mama Mihayo aliwakusanya mabinti.

"Kila mmoja atakwenda peke yake, atarudi na mzigo wa kuni," alisema. "Kuni kavu ziko ng'ambo ya yale mawe makubwa. Njia nimeipita na Mzee Bujiku mwenyewe, nimeiwekea alama za chokaa. Msiiache. Mkiona kitu chochote msichokielewa, rudini mniambie. Mmenisikia?"

"Ndiyo, mama!"

"Melania, wewe chukua chakula cha njiani," alisema Rhoda, binti wa mwenye duka, akitazama kandambili za mwenzake. "Kwa viatu hivyo utarudi Pasaka."

Wasichana walicheka. Melania naye alijifanya kucheka.

Zamu yake ilipofika alitembea kwa haraka. Baada ya kona ya kwanza waya ulikatika. Aliuunga, ukakatika tena. Akavua kandambili, akaendelea pekupeku. Hapo ndipo mbigiri zilipoanza. Ardhi yote mbele yake ilikuwa imetapakaa vile vimiiba vigumu vyenye pembe, na kila hatua ilimtoa machozi. Mawe yalionekana mbali sana, yakimeremeta kwa jua. Alimfikiria Rhoda. Aliifikiria skafu.

Kando ya njia, nyuma ya kichaka, aliona rundo la miiba na magogo makavu yaliyopangwa kwa kuzunguka. Alidhani ni zizi la ndama lililoachwa. Ni nani angelihitaji tena? Aliivuta miiba pembeni kwa kutumia kanga, akaanza kuyatoa magogo. Yalikuwa mazuri, makavu, ya kuwaka vizuri.

Alipotoa gogo la mwisho, upepo wa baridi ulimgusa miguu. Ulitoka chini. Katikati ya nyasi aliona weusi, kama mdomo uliofunguka.

Melania alirudi nyuma. Alielewa, ingawa hakutaka kuelewa. Halikuwa zizi. Wachungaji walikuwa wameziba mdomo wa duara ili ng'ombe wasitumbukie.

"Nitakuja kurudisha baadaye," alijiambia. Akafunga magogo kwa kamba, akayaburuta hadi kambini.

"Hee, mbona umewahi hivyo!" Mama Mihayo alishangaa. "Na kuni zenyewe ni nzuri kuliko za wote. Umezipata wapi, mwanangu?"

Melania aliwatazama wenzake. Rhoda alikuwa amesimama karibu, anayatazama magogo.

"Ng'ambo ya mawe, mama."

"Safi sana. Huyu atakuwa wa kwanza kuvaa skafu."

Maneno hayo alikuwa ameyasubiri mwaka mzima. Ajabu ni kwamba yalipofika hayakuwa na ladha.

Baada ya chakula cha mchana ilikuwa zamu ya Zipora, ambaye asubuhi alikuwa jikoni. Alijifunga kamba kiunoni, akamwinamia Melania.

"Niambie siri yako. Magogo makavu namna ile ulitoa upande gani wa mawe?"

"Ng'ambo tu. Utaona."

"Basi usijisumbue. Mzigo wako umechora ardhi kama jembe. Nitafuata mburuzo wako, nitafika palepale."

Melania alifungua mdomo. Alitaka kusema: usiufuate. Lakini Rhoda alikuwa hapo anasugua sufuria, na kusema hilo kulikuwa kusema yote. Akafikiri, alama za chokaa zipo, atafuata alama. Akafunga mdomo. Zipora akaenda, anaimba wimbo wa kwaya.

Jua lilisogea. Aliyemfuatia Zipora alikwenda kwenye mawe, akarudi na kuni zake. Zipora hakurudi.

"Hukumwona njiani?" Mama Mihayo aliuliza.

"Sikumwona, mama. Hata sauti sikuisikia."

Mama Mihayo alipuliza filimbi. Alipuliza tena na tena, akitega sikio baada ya kila mpulizo. Hakuna aliyejibu isipokuwa ndege. Uso wake ulibadilika.

"Wote twendeni kwenye mawe. Alisema anakwenda alikopata kuni Melania. Shikaneni mikono, asiachwe mtu!"

Waliondoka mbio mbio, wakiita, "Zipoora! Zipoora!" Melania alikuwa wa mwisho. Walipofika penye kona, wote walipita bila kutazama chini, maana walijua wanakokwenda. Melania peke yake alisimama.

Mburuzo wa magogo yake uliacha njia na kuingia nyuma ya kichaka. Pembeni yake palikuwa na mshale uliotengenezwa kwa vijiti. Ulikuwa umepangwa vizuri kama walivyofundishwa, kumwambia anayekuja nyuma: nimepita huku. Mtu mmoja alikuwa ameukanyaga akavunja kijiti kimoja.

Sauti za wenzake zilizidi kwenda mbali, upande usio wa kweli. Yeye ndiye aliyewapeleka huko.

Alikimbilia kichakani. Mdomo wa duara ulikuwa umepanuka. Udongo mbichi ulikuwa umebomoka upande mmoja. Ukingoni palikuwa na kiatu kimoja cha Zipora.

"Zipora!"

Aliita tena kwa nguvu.

"Zipora, jamani! Itika!"

Kutoka chini, mbali, ilikuja sauti ndogo. Haikuwa neno, ilikuwa kilio cha mtu aliyechoka kulia.

Melania alitazama huku na huku. Hapakuwa na kamba, hapakuwa na mtu. Aliogopa kukaribia, aliogopa kuondoka. Kwa muda mfupi wazo baya lilimjia: aseme kwamba yeye ndiye aliyeuona mshale, asifiwe kwa kumpata, na habari ya miiba isitajwe kabisa. Kisha kokoto zikaporomoka kutoka ukingoni zikaingia shimoni, na Zipora akapiga yowe.

Melania alikimbia. Alikimbia pekupeku juu ya mbigiri hadi kwenye mawe, damu ikimtoka nyayoni, na hakuuhisi mwiba hata mmoja.

"Hayupo huku!" alipiga kelele. "Mama Mihayo, hayupo huku! Yuko kwenye duara! Kuni sikuzitoa huku, nilizitoa kwenye duara, niliondoa miiba! Nilidanganya!"

Kila mtu alisimama. Mama Mihayo alimtazama kwa namna ambayo Melania hatakuja kuisahau. Hakumgombeza. Alisema tu, "Nionyeshe."

Walipofika, Mama Mihayo alilala kifudifudi mbali kidogo na ukingo, akamulika tochi. Zipora alikuwa amenasa juu ya matimba, yale magogo ambayo wachimbaji hukingia kuta za shimo. Yalikuwa yameoza. Chini yake yaling'aa maji meusi. Mguu wake mmoja ulikuwa umepinda vibaya.

"Mungu wangu," Mama Mihayo alinong'ona. Kisha akainuka, akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano, ule ukelele wa Wasukuma wa kuita msaada, ambao akiusikia mtu yeyote ni lazima aache alichoshika akimbilie. Rhoda naye akapiga. Mabinti wote wakapiga. Mbali, upande wa mashambani, sauti nyingine ikapokea, na nyingine baada yake.

Wa kwanza kufika walikuwa wachungaji. Nyuma yao walikuja wachimbaji kutoka machimbo ya jirani, na kamba nene na ngazi mabegani. Mbele yao alikuwa Maduhu, mwanamume mpana aliyejaa vumbi hadi kope. Mchungaji mmoja alitaka kushuka mara moja. Maduhu alimshika shati.

"Tulia, kaka. Ukiweka mguu hapo ukuta wote unashuka na mtoto. Na yale matimba hayabebi mtu wa pili. Huyu ni wa kuvutwa. Ajifunge mwenyewe, tumvute."

"Hajui kufunga," Mama Mihayo alisema. "Fundo hilo ndilo lililomshinda."

"Basi afundishwe. Tutalaza ngazi juu ya shimo, mtu mwepesi alale juu yake, aongee naye. Nani mwepesi hapa anayelijua fundo?"

Watu walitazamana. Aliyejibu ni Rhoda. "Melania. Hakuna anayelijua kama yeye."

Walimfunga Melania kamba kiunoni, naye akatambaa juu ya ngazi hadi katikati. Harufu ya udongo uliooza ilimpanda puani. Jua lilikuwa limeshuka usawa wa miti, na shimoni giza lilianza kupanda.

"Zipora. Ni mimi."

Akashusha ncha ya kamba nyingine, ile iliyoshikwa na Maduhu.

"Zipora, kamba inakuja. Ishike."

"Nilifuata mburuzo wako," sauti ilisema kutoka chini.

"Najua."

"Ulisema mawe."

"Nilidanganya. Nisamehe. Sasa nisikilize, nikufundishe fundo la ndama. Sikudanganyi tena."

"Nitajuaje?"

Viatu Melania angeweza kuazima, na tochi, na blanketi. Neno la kuaminiwa hakuna wa kumwazima.

"Huwezi kujua," alisema, machozi yakidondoka shimoni. "Lijaribu mwenyewe. Ukimaliza kufunga, livute kwa nguvu. Kitanzi kikikubana, usilitumie. Kisipokubana, ndipo uniamini."

Matimba yalilia. Maduhu, aliyeshika kamba, alisema polepole, "Mharakishe, binti, ila usimtishe."

"Pitisha kamba mgongoni, chini ya makwapa. Umepitisha? Sasa kwenye kamba ndefu, ile inayokuja kwangu, tengeneza jicho dogo. Ncha ipande kupitia kwenye jicho. Izunguke nyuma ya kamba ndefu. Irudi, ishuke kwenye jicho lilelile. Vuta."

Walisubiri. Kamba ilicheza, ikatulia.

"Linabana!" Zipora alilia. "Linanibana kifua!"

"Basi fungua, si lenyewe. Umezunguka mbele badala ya nyuma. Anza tena. Mimi niko hapa."

"Siwezi. Vidole vimekufa ganzi."

"Unaweza. Mkumbuke yule ndama wa bibi, mwenye doa jeupe, uliyemfunga akaja na kamba hadi kanisani."

Sauti iliyotoka chini ilikuwa kati ya kicheko na kwikwi. Kamba ikaanza kucheza tena. Ukingoni mama mmoja aliomba kwa Kisukuma, midomo ikitembea bila sauti.

"Nimevuta," Zipora alisema. "Halibani."

"Vuta tena."

"Halibani, Melania."

"Mvuteni!"

Maduhu na wenzake walivuta, mkono baada ya mkono, bila kutikisa. Zipora alikuwa ametoka tu kwenye matimba yale yalipokatika. Ukuta wa upande mmoja ukashuka wote, na kishindo cha maji kikapanda hadi juu. Kamba ilikaza. Fundo halikuteleza. Kichwa kilichojaa udongo kikatokeza ukingoni, na mikono mingi ikampokea.

Mama Mihayo alivua skafu yake mwenyewe, akaufunga mguu wa Zipora pamoja na vijiti vilivyonyooka. Wachimbaji walimbeba juu ya ngazi hadi barabarani.

"Wabeja, baba. Asante sana," Mama Mihayo alimwambia Maduhu.

"Msinishukuru mimi. Zibeni hilo shimo," alijibu.

Waliliziba siku iliyofuata, mabinti na wachungaji pamoja, kwa magogo mapya na miiba mibichi. Melania aliikata na kuibeba tangu asubuhi hadi jioni bila kusemeshwa na wengi. Rhoda peke yake ndiye aliyemletea maji, na jozi ya viatu vyake vya zamani. Aliviweka chini, akaondoka.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Mtaani ulizuka uvumi kwamba Zipora alikuwa mtoro, kwamba aliacha wenzake akaingia duarani kuokota mchanga wa dhahabu. Mama yake alipokuja hospitali aliyakuta maneno hayo yanamsubiri. Alimchukua binti yake, mguu ukiwa bado kwenye plasta, akarudi naye Nkome. Alisema hatasoma tena. Mtoto asiyesikia atakaa mwaloni aanike dagaa. Mama Mihayo alimpigia simu kumweleza. Mama Zipora alimjibu kwamba watu wa kanisa wanafichiana, akakata.

Melania alipopata habari hizo alikwenda kwa Mama Mihayo. Alimkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

"Mama, adhabu yangu anaipata Zipora. Nifanye nini?"

Mama Mihayo aliweka ungo chini.

"Nikuulize. Asubuhi ile ungeniambia, mama, miguu inauma, nimetoa kuni mahali nisipopajua, ningefanya nini?"

"Ungenigombeza."

"Ningekugombeza, kisha tungekwenda sote kurudisha miiba. Basi, yameisha kabla ya chakula cha mchana. Kuchukua kuni ni kosa la mtoto aliyechoka, mwanangu, na kosa kama hilo hurekebishika. Lakini uliponidanganya, ulitupeleka sisi sote kwenye mawe wakati mwenzako analia shimoni. Ukisema uongo, wanaokuamini ndio wanaopotea njia. Na ukweli hausemwi mara moja tu pale unapobanwa. Unausema kila mahali ambako uongo wako umefika."

"Umefika Nkome," Melania alisema.

"Umefika Nkome."

Aliandika mezani kwa Mama Mihayo, kwa mwandiko wake mwenyewe. Hakusaidiwa hata neno moja.

"Shikamoo Mama Zipora. Mimi ni Melania. Zipora hakwenda kutafuta dhahabu. Niliondoa miiba ya duara ili nipate kuni, nikasema nimezitoa kwenye mawe. Yeye alikuwa anafuata mburuzo wa magogo yangu, na kama tulivyofundishwa aliacha mshale ili apatikane. Alijifunga kamba mwenyewe, mguu ukiwa umevunjika. Mwenye kosa ni mimi. Naomba usimwachishe shule kwa ajili yangu. Ukitaka kunigombeza nitakuja na bibi. Mwambie Zipora ndama mwenye doa anamsubiri."

Mama Mihayo aliisoma yote, akairudisha.

"Na skafu, mama?" Melania aliuliza kwa sauti ndogo. "Najua sitaipata."

"Mwaka huu, hapana."

Melania aliitikia kwa kichwa. Akaikunja barua, akaitia ndani ya bahasha. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka kwa kukaa sana kabatini, kwa hiyo alichukua kipande kidogo cha ugali wa mchana, akakisugua kwenye mfuniko wa bahasha na kuukandamiza kwa kiganja hadi ukashika. Akajaribu kuufungua kwa ukucha. Haukufunguka.

Sokoni Runzewe lori la dagaa lilikuwa limekwisha shusha mzigo, likiwa tayari kurudi Nkome. Melania alimwamkia dereva, akamwambia jina la mama anayepelekewa na mahali anapoanika. Dereva akaipokea bahasha, akaichomeka juu ya kioo, mbele ya macho yake, akawasha gari.